Kutoka Busega hadi Mucwini

Henry Morton Stanley alipoagana na Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1875, alimwachia kijana mmoja aliyetoka Unguja. Jina lake lilikuwa Dallington Maftaa. Alikuwa amekombolewa utumwani, akasomeshwa na Misheni ya Vyuo Vikuu, na kazi aliyoachiwa ilikuwa kumsomea mfalme Maandiko na kumwandikia barua. Kwa hiyo, miaka miwili kabla mmisionari wa Kizungu hajakanyaga Buganda kwa ajili ya kazi hiyo, Neno lilikuwa tayari linasomwa ikuluni kwa Kiswahili, na msomaji wake alikuwa mtu aliyeonja utumwa.

Vitabu vingi humtaja Maftaa kwa mstari mmoja kisha vikakimbilia kwa Wazungu. Anastahili zaidi ya hapo. Kanisa la Uganda limelibeba kwa karne na nusu swali gumu kuliko yote ambayo imani ya Kikristo huulizwa: iwapo Mungu ni mwema na ana uwezo, kwa nini asiye na hatia anateswa? Swali hilo halikufika Buganda ndani ya vitabu vya falsafa. Lilifika na watu wa namna ya Maftaa, ambao walikuwa na sababu zote za kuliuliza na bado waliamini.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Juni 1877. Mwaka uliofuata akaja Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Scotland, mtu wa nyundo na mashine ya kuchapia. Februari 1879 wakafuata mapadre wa Kikatoliki wa shirika la White Fathers, wakitanguliwa na Siméon Lourdel. Waislamu walikuwapo kabla yao wote, nao ndio waliotangulia kufa kwa ajili ya dini: mwaka 1876 Mutesa aliwaua vijana Waislamu wa ikulu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na mtu asiyetahiriwa. Simulizi nyingi za Kikristo hulipita jambo hilo kimya kimya. Namugongo, mahali ambapo leo Wakristo huhiji, palikuwa tayari pamemwagika damu ya Waislamu.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20. Mwanga alirithi pia hofu. Wageni walikuwa wakiongezeka, Wajerumani walikuwa wakijitwalia nchi upande wa pwani, na ndani ya ikulu yake vijana wahudumu walikuwa wameanza kumtii Mfalme mwingine ambaye haonekani.

Mwisho wa Januari 1885 Mackay alikuwa njiani kwenda ziwani pamoja na wanafunzi wake walipokamatwa. Yeye aliachiwa. Watatu kati ya vijana hawakuachiwa: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, ambaye alikuwa bado mtoto. Tarehe 31 walipelekwa Busega, kwenye ukingo wa kinamasi. Wauaji waliwakata mikono kwanza, ndipo wakawaweka juu ya jukwaa la kuni na kuwasha moto.

Mambo mawili yamesimuliwa juu ya asubuhi ile. La kwanza ni kwamba vijana wale waliimba motoni wimbo wa kanisa waliofundishwa kwa Kiswahili. Hilo limehubiriwa mara zisizohesabika, toka Kampala hadi London. La pili linapatikana katika kumbukumbu zilezile za wamisionari, ila mahubiri hulisahau: zamu ya Lugalama ilipofika, aliwasihi wauaji wasimkate mikono. Aliahidi kwamba hatapigana nao, wamtupe tu motoni. Hawakumsikiliza.

Anayetaka kusema jambo la kweli kuhusu imani na mateso lazima ayashike yote mawili, wimbo na ombi la yule mtoto. Ukichukua wimbo peke yake unapata picha ya ukutani, vijana wasiohisi maumivu, na kifo kinageuka kitu kizuri. Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Ayubu analaani siku aliyozaliwa. Zaburi ya 22 inaanza na mtu anayelia kwamba ameachwa na Mungu wake, na kwa mujibu wa Injili ya Mathayo na ya Marko, ni kilio hichohicho alichokitoa Yesu msalabani. Mtoto anayeomba asikatwe mikono hajapungukiwa imani. Yumo ndani ya Zaburi.

Mackay alivunjika moyo kwa vifo vile, akarudi kwenye mashine yake ya kuchapia. Yeye mwenyewe ameandika kwamba mmoja wa wauaji, aliyeguswa na ujasiri wa vijana, alikuja baadaye kuomba afundishwe kusali.

Miezi tisa baadaye ilikuwa zamu ya askofu. James Hannington aliondoka Rabai, nyuma ya Mombasa, Julai 1885 na msafara wa wapagazi wapatao 200. Alichagua njia mpya ya kupita Umasaini na Busoga, kwa kuwa hali yake ya hewa ilikuwa nzuri kuliko ile ya kusini ya ziwa. Hakujua kwamba huko Mengo, makao ya Kabaka, watu waliamini kuwa watakaoimeza Buganda wangeingia kwa mlango huohuo wa mashariki. Alipofika Kwa Sundu, panapoitwa Mumias leo, alimwacha kasisi wake William Jones na sehemu kubwa ya msafara, naye akatangulia na watu kama 50.

Jones alikuwa Mwafrika, yeye pia mtumwa aliyekombolewa, na ni Hannington mwenyewe aliyemweka wakfu mwaka uleule. Akabaki Kwa Sundu akingoja habari.

Tarehe 21 Oktoba Hannington alikamatwa kwa chifu Luba wa Busoga. Alifungiwa siku nane katika kibanda kichafu, akiumwa homa, na shajara yake ilinusurika. Inaonyesha mtu aliyeogopa, aliyechoka, aliyesali na kukata tamaa na kusali tena. Siku ya mwisho, tarehe 29, ameandika kwamba fisi alilia karibu naye usiku, na kwamba Zaburi ya 30 ilimtia nguvu. Siku hiyohiyo, kwa amri ya Mwanga, waliuawa kwa mikuki, yeye na karibu wapagazi wake wote waliokuwa naye. Waliookoka walikuwa wachache mno. Walirudi Kwa Sundu kumpa Jones habari, na Februari 1886 mabaki ya msafara yaliingia Rabai yakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, jina la yule mtoto wa kitabu cha Samweli aliyezaliwa siku utukufu ulipoondoka Israeli.

Hannington ana siku yake katika kalenda ya Kanisa, ana kanisa na shule zenye jina lake. Wapagazi, wakikumbukwa, hawatajwi kwa majina. Walikuwa watu wa pwani waliobeba mizigo kwa ujira, na hakuna aliyewauliza kama wako tayari kufa kwa ajili ya Injili. Shahidi hufa kwa jambo alilolichagua, na kifo chake kina maana anayoijua mwenyewe. Mpagazi alikufa kwa sababu alikuwa karibu. Mateso mengi duniani ni ya namna hii ya pili, na wanatheolojia wanaozungumza kwa urahisi juu ya thamani ya kufia imani wangepaswa kusimama hapo Busoga kidogo kabla ya kuendelea.

Ikuluni, Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa wahudumu na Mkatoliki, alithubutu kumkemea Mwanga kwa kumwua askofu. Pia alikuwa akiwakinga vijana wadogo dhidi ya matakwa ya mwili ya Kabaka. Alikatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885. Nafasi yake ya kuwalinda vijana ikachukuliwa na Karoli Lwanga.

Hasira ya Mwanga ililipuka Munyonyo mwishoni mwa Mei 1886. Usiku ule, akijua kinachokuja, Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, mmoja wao akiwa Kizito, wa miaka kama 14. Kulipokucha Kabaka aliwataka wanaosali wasimame upande mmoja, nao wakasimama. Walitembezwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo, wakawekwa siku kadhaa kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni, Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, waliviringishwa katika mikeka ya matete na kuchomwa, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Miongoni mwao alikuwa Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumba ya Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mukajanga alimsihi akane, au angalau akubali kufichwa. Alipokataa, Mukajanga aliamuru apigwe shingoni kwanza ili asiuone moto. Ni rehema ya kutisha, lakini hata pale ilikuwa rehema.

Kwa hesabu inayokubaliwa, waliouawa kati ya 1885 na 1887 na kujulikana kwa majina ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Kinachofuata ndicho kisichohubiriwa. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu walishirikiana kumpindua Mwanga, kisha Waislamu wakawafukuza Wakristo, kisha Wakristo wakarudi kwa vita na kumrudisha kitini Mwanga yuleyule aliyewachoma wenzao. Januari 1892, miaka sita isiyotimia baada ya Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wao kwa wao pale Mengo, na bunduki za Maxim za kapteni Frederick Lugard zikawapa ushindi Waprotestanti. Watu ambao ndugu zao walichomwa pamoja sasa walikuwa wakiuana. Kuteswa hakumfanyi mtu kuwa mwema, na mwenye kudai kwamba Mungu hutumia mateso kutakasa watu inabidi aeleze pia mwaka 1892.

Siku ya mwisho ya mwaka huohuo mifupa ya Hannington ilizikwa kwenye kilima cha Namirembe, makao ya Kanisa la Kianglikana. Mwanga alimaliza maisha yake uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Alikuwa amebatizwa, akaitwa Danieli.

Kanisa likakua kwa kasi ambayo wachache waliitarajia, na tangu hapo wahubiri wamekuwa wakirudia kauli ya Tertuliano wa Karthago, ya mwishoni mwa karne ya 2, kwamba damu ya Wakristo ni mbegu. Kama maelezo ya yaliyotokea, kauli hiyo ina ukweli wake. Kama jibu la swali la mateso, haifai. Ikichukuliwa hivyo, inamfanya Mungu kuwa mkulima anayehitaji mikono ya Lugalama ili apate mavuno, na Mungu wa namna hiyo hakuna sababu ya kumwabudu. Waliolielewa jambo hili vizuri zaidi ni Wakristo wa Uganda wenyewe wa vizazi vya baadaye, pale zamu yao ilipofika.

Zamu hiyo ilianza Januari 1971, Idi Amin alipotwaa madaraka. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na askari mahakamani mchana kweupe, asionekane tena. Januari 1973 padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, aliuawa. Watu wakazoea kunong'ona.

Mwaka 1974 Janani Luwum akawa Askofu Mkuu wa jimbo la Kianglikana lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Alizaliwa Mucwini, katika nchi ya Waacholi, na mwaka 1948 aliguswa na uamsho wa walokole, ule uliotoka Gahini huko Rwanda miaka ya 1930 na kuenea hadi Kenya na Tanganyika. Walokole waliungama dhambi zao hadharani na kupatana na waliowakosea bila kujali kabila. Rafiki yake Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alitoka katika uamsho huohuo. Kivengere alikuwa amefundisha shule Dodoma, na Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, ndiye aliyemtafsiria kwa Kiswahili.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari walivamia nyumba ya Luwum pale Namirembe, wakamkandamiza bunduki tumboni wakitafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu walikutana na kuandika barua kwa rais. Hawakumbembeleza. Walisema kwamba bunduki iliyomgusa Askofu Mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo, na kwamba ikiwa mtu wa cheo chake hana usalama nyumbani, mwananchi wa kawaida ana hali gani? Katika historia nzima ya imani na mateso nchini Uganda, barua ile ina uzito kuliko hotuba nyingi. Haikujaribu kumtetea Mungu. Ilimtaja mwenye bunduki.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa mjini Kampala, kwenye hoteli ya Nile. Waliwekwa juani kwa saa nyingi huku silaha zikiwa zimepangwa mbele yao, zilizodaiwa kuwa za njama ya kuipindua serikali, na umati wa askari ukipiga kelele wauawe. Mwishowe wakaruhusiwa kwenda nyumbani, isipokuwa Luwum, aliyeambiwa rais anamhitaji. Kivengere na Askofu Silvanus Wani walimngoja nje mpaka walipofukuzwa kwa mtutu. Kesho yake redio ilitangaza kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Mwili ulipelekwa moja kwa moja Mucwini chini ya ulinzi. Jamaa zake walioufunua waliona matundu ya risasi.

Namirembe walikuwa wamechimba kaburi kando ya lile la Hannington, wakingoja mwili ambao haukuletwa. Serikali ikapiga marufuku ibada ya mazishi. Jumapili ya tarehe 20 watu walikuja kwa maelfu hata hivyo, wakaimba, na baada ya ibada wakatoka nje wakasimama kuzunguka shimo tupu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti aliwakumbusha maneno waliyoambiwa wanawake waliokwenda kaburini kwa Yesu wasimkute.

Ilikuwa theolojia iliyofanywa kwa miguu. Hakuna aliyeeleza kwa nini Luwum aliuawa na wengine wakaachwa. Walichofanya ni kukataa uongo wa ajali ya gari, mbele ya majasusi waliokuwa wamejichanganya nao.

Kivengere na mkewe Mera walikimbia usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Kitabu alichokitoa mwaka huohuo kilishangaza ulimwengu kwa jina lake tu, kwa maana kilitangaza kwamba mwandishi anampenda Idi Amin. Wengi waliokuwa wamepoteza ndugu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini Kivengere hakuficha gharama. Alisimulia jinsi chuki ilivyokuwa ikimla akiwa uhamishoni, hata ibada ya Ijumaa Kuu mjini London ilipomkuta akisikia upya sala ya Yesu ya kuwaombea wanaomsulubisha. Kusamehe, kwake, hakukumaanisha kunyamaza. Aliendelea kuzunguka nchi nyingi akieleza mauaji ya utawala ule. Amin alipong'olewa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, alirudi Kabale kwa watu wake, akafanya kazi hadi alipofariki mwaka 1988.

Kuna hatari hapa. Msamaha wa Kivengere ukisimuliwa vibaya unakuwa mzigo mwingine juu ya mgongo wa aliyeumizwa, na mjane anaambiwa asamehe haraka ili wengine wapumzike. Nchi ya Waacholi ilikuja kulipima jambo hilo kwa namna ya kikatili kabisa.

Vita vya Lord's Resistance Army, kundi la Joseph Kony, viliitafuna kaskazini ya Uganda kwa karibu miaka 20. Watoto walitekwa kwa maelfu na kugeuzwa askari. Julai 2002 waasi waliingia Mucwini, kijijini kwa Luwum, wakawaua watu zaidi ya 50. Mwaka 2003 askofu mkuu wa Kikatoliki wa Gulu, John Baptist Odama, na viongozi wenzake wa dini walikwenda kulala usiku kadhaa mjini pamoja na watoto waliotembea kila jioni kutoka vijijini ili wasitekwe. Walilala chini, kama watoto walivyolala.

Kati ya viongozi hao alikuwamo Macleord Baker Ochola, askofu wa Kianglikana wa Kitgum. Mwaka 1997 mke wake aliuawa na bomu lililotegwa ardhini. Ochola, pamoja na wenzake Wakatoliki, Waislamu na Waorthodoksi, alikuwa mstari wa mbele kutaka msamaha wa kisheria kwa waasi watakaoweka silaha chini, na sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2000. Hoja yake haikuwa nyepesi: wengi wa waliokuwa wakiua walitekwa wakiwa watoto, na mzazi wa aliyeuawa pengine ndiye mzazi wa muuaji.

Hoja hiyo ilikutana uso kwa uso na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai katika kesi ya Dominic Ongwen. Alitekwa akiwa mtoto akielekea shule, akakua porini, akawa kamanda. Ochola alikuwa miongoni mwa waliotaka arudishwe nyumbani kwa utaratibu wa Kiacholi wa upatanisho. Wahanga wa Lukodi, Odek, Abok na Pajule, kambi zilizoshambuliwa, walitaka ahukumiwe, na zaidi ya 4,000 walishiriki kesi hiyo kupitia mawakili wao. Mei 2021 Ongwen alihukumiwa kifungo cha miaka 25, na Februari 2024 majaji wakaamuru wahanga walipwe fidia, ikiwemo euro 750 kwa kila mmoja. Waliodai hukumu na waliomwombea arudi nyumbani walikuwa, kwa sehemu kubwa, waumini wa makanisa yaleyale.